Picha za Kisasi Tunazozipenda



Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka aliniomba niandike tena juu ya mapishi ya Idi, kama mwaka uliopita. Namshukuru kwa kunikumbuka, lakini biriani mmekwisha kufundishwa, na mwaka huu nina jambo jingine kifuani. Nataka kusema juu ya picha za kisasi: zile ambazo mtu mmoja aliyedhulumiwa anaona polisi hawamsaidii, anachukua bunduki, anawasaka wabaya wake mmoja baada ya mmoja, na sisi tuliokaa kitako tunapiga makofi.

Kwanza ijulikane kwamba nazipenda. Asije mtu akanisoma akadhani ni bibi mwengine anayekuja kukataza mambo. Wako wenzetu wanaosema picha hizi ni ufisadi mtupu, na ukenda kwao bila ya kupiga simu unamkuta Liam Neeson amejaa kwenye televisheni. Mimi Taken ya mwaka 2008 nimeitazama mara tatu. Kila mzazi aliyelea mtoto wa kike katika mji mgeni, akakaa dirishani saa nne ya usiku akihesabu mabasi, anaijua hofu ya yule baba aliyeibiwa mwanawe. Anaijua pia raha ya kumwona baba huyo hababaiki, anajua la kufanya.

Raha hiyo hatukuipata Uingereza, tulikuja nayo. Kwetu Unguja senema ya Kihindi ilitulea pamoja na chuo na skuli. Tulikuwa na Majestic, na Empire, na Sultana iliyokuja kuitwa Cine Afrique. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakujua Kihindi isipokuwa kile cha picha, lakini alikuwa akirudi nyumbani anasimulia kisa chote tangu mwanzo na analia upya. Shujaa wa picha tulimwita stelingi, na kila mtoto wa mtaani aliijua kanuni ya stelingi: hafi kabla ya kumaliza kazi.

Ilipotoka Sholay mwaka 1975 mimi nilikuwa nimekwisha hamia hapa, nikaja kuitazama baadaye kwa vidio ya kukodi, sote tumejazana chumba kimoja. Thakur, polisi wa zamani, jambazi Gabbar Singh amemuulia watu wa nyumbani mwake na kumkata mikono yote miwili. Mwisho wa picha Thakur yuko juu ya adui yake, karibu kummaliza, polisi wanafika wanamwambia amwachie sheria, naye anamwachia. Lakini huo sio mwisho alioupiga Ramesh Sippy hapo awali. Alipiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake. India wakati ule ilikuwa chini ya hali ya hatari ya Indira Gandhi, na wakaguzi wa picha wakakataa: haifai aliyekuwa polisi aonekane akijichukulia sheria mkononi, hata kama mikono yenyewe hana. Nakala za mwisho wa kwanza zilikuja kuonekana baada ya miaka. Nyumbani kwangu mjadala huo haukwisha. Marehemu mume wangu alikuwa upande wa Sippy na mimi nilikuwa upande wa wakaguzi, ingawa siipendi serikali yoyote inayokata picha za watu.

Mume wangu alikuwa na sababu zake. Nilikuja hapa mwaka 1969 kusomea uuguzi, yeye akafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate. Wale mliozaliwa baadaye hamuwezi kujua ilikuwaje mtu mweusi au wa Kihindi au wa rangi yetu ya mchanganyiko kurudi nyumbani alfajiri katika miaka ile. Vijana wa vichwa vilivyonyolewa walikuwa wakingoja vituoni. Siku moja tofali liliingia kwa dirisha la chumba ambacho mtoto wetu alikuwa amelala. Askari alikuja, akaandika kitabuni, akanywa chai yetu, akenda zake, hatukumsikia tena. Tarehe 4 Mei 1978, pale Whitechapel, kijana wa Kibangali aitwaye Altab Ali, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, alichomwa kisu akafa akiwa njiani kurudi nyumbani kutoka kazini. Leo bustani ya pale ina jina lake, na wengi wenu mmekwisha kaa kwenye viti vyake mkala chipsi.

Mtu anayeishi hivyo ukimpa tikiti ya Death Wish, umempa maji na kiu anayo.

Death Wish ilitoka mwaka 1974. Mwigizaji ni Charles Bronson, na kisa chake ni cha mchora ramani za nyumba wa New York, Paul Kersey, mtu mpole. Vijana watatu wanaingia nyumbani kwake yeye hayupo. Mkewe anauawa, binti yake ananajisiwa na akili haimrejei tena. Kersey anapata bastola, na usiku anatoka peke yake mitaani na kwenye mabustani kama mtu aliyepotea njia, na kila mkabaji anayemjia anampiga risasi.

Tulikwenda kuitazama sisi wawili, mtoto tumemwacha kwa jirani. Tangu kutoka Unguja sikuwa nimesikia makofi ya senema kama yale. Mume wangu alipiga, na mimi nilipiga. Safu mbili mbele yetu walikaa vijana wa Kizungu, vichwa vimenyolewa, mabuti marefu, nao walipiga kuliko sisi. Njiani kurudi ndipo nilipowaza. Sisi tulikuwa tukimpigia makofi Kersey tukiwafikiria wao. Na wao, je, walikuwa wakimfikiria nani?

Kuna jambo katika picha ile ambalo aliyeitazama mara moja hulisahau. Kersey hawapati wale watatu. Wanafanya uovu wao mwanzoni kisha wanapotea, na hatuwaoni tena mpaka taa zinawashwa. Anaowaua ni wengine kabisa, wakabaji kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyemgusa mkewe. Tunaiita picha ya kisasi na kisasi chenyewe hakimo. Yumo mtu mwenye uchungu, na wamo watu wanaofanana na waliomuumiza. Brian Garfield, aliyetunga kitabu chenyewe mwaka 1972, hakufurahi kuona muuaji wake amefanywa shujaa, na mwaka 1975 akatoa kitabu cha pili, Death Sentence, kuonyesha ubaya wa njia ile.

Miaka kumi baada ya picha, Desemba 1984, katika treni ya chini ya ardhi ya New York, mtu mmoja aitwaye Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne Waafrika wa Marekani waliomfuata wakimtaka dola tano. Magazeti yakamwita kwa jina la picha, na watu wengi wakamshangilia. Mwaka 1987 mahakama ilimwona hana hatia ya kujaribu kuua, ikamtia hatiani kwa bastola asiyokuwa na kibali nayo tu. Mmoja wa wale wanne hakutembea tena maisha yake yote. Hapa nasema kama muuguzi. Katika picha, risasi ni nukta nyekundu na mtu anaanguka. Mimi nimewageuza kitandani watu waliopooza, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili ngozi isioze. Nimeona chumba cha majeruhi mama wa aliyechomwa kisu na mama wa aliyechoma wamekaa benchi moja, kila mmoja hajui mwenzake ni nani, mmoja anampa mwenzake karatasi ya kufutia machozi. Sijaona picha iliyokaa na watu hao hata dakika tano.

Sasa turudi mitaani kwetu. Aliyeipiga Death Wish, Michael Winner, alikuwa mtu wa hapa hapa London. Alipotengeneza ya tatu katika mfululizo huo, iliyotoka mwaka 1985, kisa kilikuwa cha New York lakini sehemu kubwa aliipiga Lambeth. Basi mitaa iliyoonyeshwa dunia nzima kuwa ni jahanamu ya wahuni ilikuwa mitaa ambayo baadhi yetu tulipita kila siku na mifuko ya sokoni. Na mtu huyo huyo, askari Yvonne Fletcher alipopigwa risasi nje ya ubalozi wa Libya mwaka 1984, ndiye aliyeanzisha mfuko wa kuwawekea kumbukumbu askari waliouawa kazini. Jiwe la kwanza liko St James's Square. Nikipita pale hushangaa jinsi moyo wa mtu mmoja unavyoweza kubeba mawili: picha zinazosema polisi hawafai kitu, na mawe ya kuwaheshimu.

Kisha mwaka 2009 ikaja Harry Brown. Michael Caine ni mzee mjane, mwanajeshi wa zamani, rafiki yake wa pekee anauawa na vijana wa majumba ya kaunsili, naye anaanza kuwaua. Nakiri Caine ameigiza vizuri sana, hata mikono yake inatetemeka kama ya mzee wa kweli. Picha ilipigwa Heygate, karibu na Elephant and Castle, mtaa aliokulia Caine mwenyewe. Majumba yale yalikuwa yamekwisha anza kuhamwa, na kufika 2014 yalikuwa yamebomolewa. Mwisho wa picha, njia ya chini ya barabara ambayo vijana walikuwa wakikaa iko kimya, na mzee anapita kwa amani.

Niliitazama na mjukuu wangu mkubwa, wakati huo ana miaka kumi na saba. Ni mrefu, ana rangi ya babu yake, na baridi ikianza havui sweta lake lenye kofia. Alikuwa amekwisha simamishwa na kupekuliwa mara nne akitoka skuli, na mara zote hakukutwa na kitu ila vitabu na chaja ya simu. Picha ilipokwisha hakusema kitu. Kisha akaniuliza, “Bibi, ningekuwa nimesimama pale chini ya barabara na rafiki zangu, yule mzee angejuaje?” Nilimwambia hiyo ni picha tu. Lakini aliuliza swali sawasawa.

Msidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Nyinyi mnaokwenda nyumbani kila mwaka mnajua mtu akipigiwa ukelele wa mwizi sokoni nini kinaweza kumpata, na hakuna anayemuuliza ameiba nini. Mwaka 1995, pale hofu ya popobawa ilipozagaa Pemba na Unguja na watu wakawa wanalala nje makundi makundi, mgeni mmoja kutoka bara, mgonjwa wa akili, alishukiwa kuwa ndiye, akauawa na watu mjini. Waliompiga hawakuwa majambazi. Walikuwa baba na ndugu waliokosa usingizi, kila mmoja akiamini anailinda nyumba yake.

Na sasa nifike kwenye lile ambalo katika kitabu hiki huwa tunalipita kwa mbali, kwani katika jamaa zetu wamo wa kila upande, na sote tunakula sinia moja siku ya Idi. Nitalisema kwa adabu.

Ami yangu alikuwa fundi cherehani. Mali yake ilikuwa mashine moja ya Singer, nayo ilikuwa ya mkopo. Januari 1964, siku chache baada ya Mapinduzi, walikuja watu watatu wakamchukua, na hatukupewa maiti. Jirani aliyekuwapo alitwambia walisema wanalipa ya watumwa. Nimeishi na neno hilo zaidi ya miaka sitini. Uchungu waliokuja nao haukuwa wa uongo. Utumwa ulikuwapo kwetu, soko lake lilikuwa Mkunazini mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na aibu yake haikufungwa siku ile. Lakini waliouza watu na kununua watu walikuwa makaburini zamani. Hawakupatikana, akapatikana fundi cherehani mwenye pua na jina la kufanana nao. Ndiyo maana nikimwona Kersey anatembea usiku na bastola yake, makofi yananishinda kidogo siku hizi. Wale watatu nao, nina hakika, kila mmoja alijiona ndiye stelingi.

Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Abeid Amani Karume alipigwa risasi Kisiwandui, katika makao makuu ya Afro-Shirazi. Aliyempiga, Luteni Humud Mohammed Humud, alikufa papo hapo. Tangu siku ile inasimuliwa kuwa alikuwa akilipa damu ya baba yake. Nimewasikia vijana wetu hapa London, waliozaliwa hapa, wanalisimulia jambo hili kama picha: mtoto anaapa, mtoto anakua, mtoto analipa, taa zinawashwa. Naielewa tamaa yao. Baba zetu wengi walichukuliwa usiku bila ya hakimu wala karatasi, na mtoto anayemuuliza bibi yake “nani aliadhibiwa kwa hilo?” hapati jibu.

Lakini sisi tuliokuwa na watu kule tunajua picha ile haikwishia pale. Ndio kwanza ilianza. Watu kwa mamia walikamatwa, wengi wao hawakujua lolote zaidi ya kuwa ni ndugu, rafiki au majirani wa mtu fulani. Ikaja kesi ya uhaini, na mwaka 1974 zikatoka hukumu za kifo. Abdulrahman Mohamed Babu alihukumiwa hali yeye amefungwa bara na hakuletwa mbele ya mahakama ile, akatoka mwaka 1978, na wengi wetu tulimjua hapa London mpaka alipofariki mwaka 1996. Nyumbani kwetu alichukuliwa binamu yangu, mwalimu wa hesabu. Alirudi baada ya miaka miwili, hakusikia vizuri sikio moja, na hakufundisha tena. Hata aliyempiga Rais hakumjua kwa sura. Nani atapiga picha ya binamu yangu? Haina risasi hata moja. Ina mtu anayekaa barazani anageuza kichwa ili asikie.

Watu husema: basi wewe unataka dhuluma ipite bure? Sitaki. Katika dini yetu kisasi kimetajwa, lakini kiko mbele ya kadhi, kwa ushahidi, juu ya aliyetenda na si mwengine, na mwenye damu ana hiari ya kusamehe au kupokea dia. Hiari hiyo ndiyo isiyopatikana kwenye picha. Stelingi hapewi nafasi ya kusamehe, kwa sababu akisamehe tikiti hazitauzika.

Nami sitawadanganya kuwa sheria hutoa haki kila siku. Agosti 2011, siku zile za fujo zilizoanzia Tottenham baada ya polisi kumpiga risasi Mark Duggan, vijana watatu Waislamu waliokuwa wakilinda maduka ya mtaa wao wa Winson Green, Birmingham, waligongwa na gari wakafa. Tariq Jahan alikuwa karibu, akakimbilia kusaidia majeruhi, ndipo akaona kuwa miongoni mwao yumo mwanawe Haroon. Mtaa mzima ulikuwa tayari kutoka. Vijana wa Kiislamu na Masingasinga walikuwa wamekusanyika, na kwa kuwa walioshukiwa walikuwa watu weusi, kila mtu alijua ni nyumba gani zingechomwa usiku ule, za watu ambao hawakuliona gari lile hata kwa mbali. Jahan alisimama mbele yao, na picha ya mwanawe mkononi, akawaambia kuwa yeye amepoteza mtoto, na anayetaka kupoteza wake na asogee mbele, ama sivyo warudi makwao. Wakarudi. Mwaka uliofuata washtakiwa wote wanane waliachiwa na mahakama. Basi hata hilo hakulipata, wala damu wala hukumu. Nimeliweka hapa kama lilivyo, sikulipamba.

Mjukuu wangu yule sasa ni mtu mzima, ana mtoto wake, na kila Jumamosi yuko kwa John Wick. Simkatazi. Nimemwambia tu kwamba safari hii itakuwa zamu yangu ya kuchagua, na nimechagua Mother India ya mwaka 1957, ambayo Nargis ni Radha, na Sunil Dutt ni mwanawe Birju. Mliokuwapo mnakumbuka kilio cha senema nzima. Birju ana haki yote ya kukasirika, yule mkopeshaji Sukhilala amewanyonya tangu hajazaliwa. Anamuua, na hapo picha nyingine yoyote ingekwisha. Lakini Birju haridhiki, anamchukua binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, msichana ambaye hakuandika deni la mtu yeyote. Radha anamwambia amwache mtoto wa watu. Hamwachi. Mama anainua bunduki.

Nakala ninayo, ina maandishi ya Kiingereza chini kwa ajili ya watoto. Ni ndefu, inakaribia saa tatu, kwa hiyo tutakula kwanza. Atakayekuja na wajukuu zake anijulishe mapema nijue kipimo cha mchele.